Kunoa jicho la picha ukiwa Mtwara na simu yako hiyohiyo

Wadau, kila nikiposti picha ya Mikindani naulizwa "mkuu unatumia simu gani", simu yenyewe kioo kimepasuka na inaenda mwaka wa nne. Mi naona mtu mwenye jicho ni yule anayejua nini kisiingie kwenye picha. Yule mpiga picha maarufu Mfaransa, Cartier-Bresson, sehemu kubwa ya kazi zake kapiga na kamera ya Leica na lenzi moja ya milimita 50, mambo ya zumu hana, akitaka karibu anasogea kwa miguu.

Anza na mwanga. Mwezi wa 10 huku kwetu jua la saa 6 mchana linasimama utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga, ukimpiga mtu saa hiyo macho yanakuwa mashimo meusi kama kinyago. Muingize kibarazani au chini ya mkorosho, la sivyo subiri saa 11 jioni, mwanga ukija kwa ubavu ndo utaona nakshi za ile milango ya zamani pale Mikindani zinavyoinuka.

Afu angalia kilicho nyuma. Majuzi nilimpiga mama mmoja anabangua korosho (niliomba kwanza, na wewe omba), nikanogewa na mikono yake ilivyokuwa myeusi kwa mafuta ya maganda, nafika home nakuta ndoo ya bluu imemkaa kichwani kama kofia. Hapo simu haina kosa. Kesho yake nikarudi, nikasogea hatua mbili kushoto nikachuchumaa, ndoo ikapotelea nyuma ya mgongo wake, ikabaki mikono, korosho na moshi. Hatua mbili tu jamani! Kwaiyo kabla hujabonyeza pitisha macho pembe zote nne za kioo.

Zoezi: nenda kivukoni pale watu wanapovukia Msangamkuu, kaa lisaa lizima, jiruhusu picha 10 tu na usifute hata moja. Usikimbizane na watu, chagua kwanza kipande chenye mwanga mzuri, shika simu tayari, afu subiri mtu aingie mwenyewe. Mi juzi kati ya 10 niliambulia moja, mzee kabeba baiskeli begani anashuka, na yenyewe gurudumu la nyuma nimelikata.