Sidiria ya kawaida, fundi mzuri: nguo baada ya upasuaji wa titi

Dada uliyeondolewa titi, usikimbilie sidiria maalumu ya bei ghali. Kovu likishapona na daktari akakuruhusu, nenda soko la Owino, Kampala, ununue sidiria mpya ya kawaida: ya pamba, isiyo na waya, mikanda ya begani ikiwa mipana. Inayofungwa mbele ndiyo bora, kwa sababu mkono wa upande ule huwa mgumu kuupeleka nyuma.

Kisha mpelekee fundi cherehani. Ashone mfuko wa pamba laini ndani ya kikombe, mdomo wake ukiwa upande wa kwapa, na mshono wowote usiguse kovu. Humo utaweka titi bandia lililofumwa kwa uzi wa pamba na kujazwa pamba ya mito. Ni jepesi, linafuliwa, na shangazi yeyote anayejua kufuma sweta ataliweza.

Kwa nguo za juu, mitumba inatosha kabisa. Maua makubwa ya kitenge huficha tofauti ya pande mbili kuliko kitambaa cha rangi moja. Gomesi, lile gauni refu la wanawake wa Uganda, nayo hukaa vizuri, ila shingo yake ya mraba huachama ukiinama. Fundi aipandishe kidogo. Kama ulitolewa tezi za kwapani na mkono huvimba, chagua mikono mipana isiyoacha alama kwenye ngozi.

Na usikubali kuuziwa sidiria za rangi ya ngozi tu. Zenye lesi nyekundu pia zinapokea mfuko.