Kusoma umri wa kanisa la kale la kijiji cha Uingereza: anza na viungo vya kuta, madirisha yasubiri

Mgeni akifika kwenye kanisa la kale huko vijijini Uingereza, macho yake hukimbilia dirisha. Akiona tao lililochongoka anasema "karne ya 14", anapiga picha, anaondoka. Tatizo ni kwamba hakuna kitu kilichobadilishwa mara nyingi kuliko dirisha. Aliyepata fedha alitoboa ukuta uliojengwa na mababu zake akaweka dirisha la mtindo wa siku zake. Kanisa moja linaweza kuwa na vipande vya karne tano, na swali la kujiuliza si "ni la mwaka gani?" bali "kipi kilitangulia, kipi kikafuata?" Kazi yangu ni kupima na kuchora majengo ya namna hii, na huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Beba darubini, tochi kali, futi, penseli na daftari la miraba. Usikwangue plasta. Kama kuna ibada, subiri iishe.

Hatua ya 1: Zunguka nje kwanza

Madhabahu iko mashariki, mnara kwa kawaida uko magharibi, na mlango unaotumika mara nyingi uko kusini. Chora ramani ya haraka: ukumbi wa waumini, mbawa zake za kaskazini na kusini kama zipo, sehemu ya madhabahu, mnara, kibaraza cha mlango. Pima unene wa ukuta kwenye kila mlango, maana ukuta unaobadilika unene ghafla una habari ya kukupa.

Karibu na mlango wa kusini, tafuta tundu dogo lenye mistari iliyokwaruzwa ikitawanyika kutoka hapo kwenda chini. Hiyo ni saa ya jua, ilionyesha wakati wa misa. Kijiti chake kimeshapotea. Ukiikuta ukuta wa kaskazini, au imepinduka juu chini, jiwe hilo limehamishwa.

Hatua ya 2: Tazama jiwe lenyewe

Kubeba mawe kwa mkokoteni kuligharimu sana, kwa hiyo kijiji kilijenga kwa kilichokuwa karibu. Norfolk na Suffolk ni gumegume, jiwe gumu lenye kingo kali. Cotswolds ni mawe ya chokaa yenye rangi ya asali. Jiwe likibadilika katikati ya ukuta, weka alama. Ila tofali jekundu lisikuharakishe kusema "hili ni la juzi". Kule Brixworth, Northamptonshire, Wasaksoni, waliotawala baada ya Warumi na kabla ya Wanormani, walijenga matao yao kwa matofali ya Kirumi, na Escomb, kanisa dogo la karne ya 7 huko Durham, limejengwa kwa mawe yaliyotolewa kwenye majengo ya Warumi.

Hatua ya 3: Soma viungo

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi.

Simama mahali kuta mbili zinapokutana, kwa mfano ubawa na mnara. Je, mawe yamefungamana, moja likiingia huku na jingine kule? Basi huenda kuta hizo zilipanda pamoja. Kama kuna mstari mmoja ulionyooka kutoka chini hadi juu, ukuta mmoja umekuja kuegemea mwingine. Ili kujua upi ni mgeni, tafuta pembe iliyokamilika: ukuta wenye mawe ya kona yaliyochongwa vizuri ndiyo uliokuwa na kona yake kabla ya jirani kufika.

Kisha nenda umbali kidogo, elekeza darubini kwenye uso wa mashariki wa mnara, juu ya paa la ukumbi. Mara nyingi utaona mistari miwili iliyoinama ikikutana kileleni, wakati mwingine ni safu ya mawe yaliyojitokeza. Hiyo ni alama ya paa la zamani, lililokuwa na mwinuko mkali. Baadaye kuta za ukumbi ziliinuliwa, zikawekwa safu ya madirisha ya juu, na paa jipya la mabati ya risasi likalala karibu bapa. Alama hiyo peke yake inakupa mpangilio: mnara na paa la kwanza vilikuwepo kabla ya madirisha ya juu.

Mfano bora ni mnara wa St Peter's, Barton-upon-Humber, Lincolnshire. Sehemu ya chini imepambwa kwa vipande virefu vya mawe vilivyopangwa kama matao, mengine ya duara na mengine ya pembetatu. Sehemu ya juu kabisa ni ya Wanormani, waliofika kutoka Ufaransa 1066. Msanifu majengo Thomas Rickman, mwanzoni mwa karne ya 19, aliona jambo jepesi: ikiwa juu ni Kinormani na chini ni mtindo mwingine kabisa, basi chini ni kukuu zaidi. Kwa hoja hiyo aliuthibitisha kuwa wa Wasaksoni. Hakuhitaji hati yoyote, mnara ulitosha.

Hatua ya 4: Sasa madirisha

Rickman huyohuyo ndiye aliyezipa mitindo majina yanayotumika mpaka leo, mwaka 1817. Mimi hushika sura tu:

- Tundu dogo lenye kichwa cha duara au pembetatu, limepanuka ndani na nje: Wasaksoni, kabla ya 1066.
- Tao la duara, dirisha dogo lililopanuka upande wa ndani, na milango yenye nakshi za zigizaga: Wanormani, hadi mwisho wa karne ya 12.
- Jembamba, refu, limechongoka, mara nyingi matatu pamoja: karne ya 13.
- Pana, kichwa kimejaa nakshi za mawe, kwanza za duara kisha za kupindapinda: hadi katikati ya karne ya 14.
- Pana zaidi, tao limebonyea, na nguzo nyembamba zinapanda wima hadi kwenye tao: kutoka hapo hadi siku za mfalme Henry VIII, karne ya 16.

Kati ya mbili za mwisho kuna tauni ya 1348 na 1349. Ashwell, Hertfordshire, kuna maandishi ya Kilatini yaliyokwaruzwa ndani ya mnara, yanayosema kwamba mwaka 1350 waliosalia ni masalia duni ya watu tu. Fedha ilipoanza kurudi, nyingi ilitoka kwenye sufu na nguo: Lavenham, Suffolk, mnara una urefu wa mita 43 hivi, na umelipiwa kwa sehemu kubwa na familia ya wafanyabiashara wa nguo.

Kabla ya kuandika tarehe ya dirisha, chunguza mawe yanayolizunguka. Kama yamevunjwavunjwa na kuzibwa kwa vipande, dirisha limepachikwa, na ukuta ni mkubwa wake kwa umri.

Hatua ya 5: Ingia ndani, inua macho

Mbawa nyingi ziliongezwa baadaye. Mafundi hawakubomoa ukuta wa ukumbi. Waliutoboa, wakaweka nguzo na matao chini ya ukuta uleule. Kwa hiyo ukuta ulio juu ya tao unaweza kuwa mkongwe kuliko tao linaloubeba! Mulika tochi kwa pembeni, mwanga uteleze juu ya plasta. Ukiona umbo la dirisha dogo lililozibwa, na chini yake tao limelikata nusu, umepata ushahidi safi kuliko wote.

Linganisha pia safu mbili za nguzo. Kaskazini za mviringo, kusini za pembe nane: hazikujengwa wakati mmoja.

Hatua ya 6: Sehemu ya madhabahu

Gharama za hapa zilikuwa juu ya mwenye mapato ya parokia, za ukumbi juu ya waumini. Ndiyo maana ukumbi waweza kuwa wa kifahari na huku pakawa pa kawaida, au kinyume chake. Tafuta kibakuli kidogo ukutani upande wa kusini, cha kuoshea vyombo vya misa. Kikiwa chini karibu na sakafu, sakafu imeinuliwa. Kikiwa kwenye ubawa, hapo palikuwa na madhabahu nyingine.

Ngazi ndani ya ukuta zisizofika popote zilipanda kwenye jukwaa la msalaba mkubwa, lililobomolewa wakati wa Matengenezo ya Kiprotestanti, karne ya 16. Picha nazo zilipakwa chokaa. Ya Wenhaston, Suffolk, inayoonyesha siku ya hukumu, ilitolewa nje mwaka 1892 kama mbao chakavu. Mvua ikaosha chokaa, picha ikajitokeza.

Hatua ya 7: Ondoa karne ya 19

Waviktoria, yaani watu wa enzi ya Malkia Victoria, walitengeneza makanisa haya kwa bidii iliyopita kiasi, hadi msanii William Morris na wenzake wakaanzisha chama cha kuyalinda mwaka 1877. Kingo kali mno, mawe yanayofanana mno na vigae vinavyong'aa: shuku. Hapo dirisha lililochongoka peke yake halithibitishi kitu. Kanisa kuu la All Saints la Nairobi linayo pia, na msanifu majengo Temple Moore alilichora katika karne ya 20.

Hatua ya 8: Rangi

Rudi kwenye ramani, kila kipindi rangi yake, kuanzia kikongwe. Penye shaka usiandike mwaka; andika "kabla ya tao" au "baada ya mnara", kisha uache nafasi ya kusahihisha.