Kupanga safari ya kikundi Tsavo kuona tai na kozi wahamaji, Novemba na Desemba

Kama umeshika jukumu la kupeleka watu Tsavo, zile mbuga mbili za Kenya, kuona tai, mwewe na kozi (ndege mbuai wadogo wenye mabawa yaliyochongoka) wanaoshuka kutoka Urusi, Kazakhstan na China kila mwisho wa mwaka, anza na hili moja: mvua ndio inaamua, sio ramani wala orodha ya hoteli. Hawa ndege wanakuja kula, na chakula chao huku ni kumbikumbi, panzi na kerengende, na hao wote wanatokea pale mvua ya vuli imenyesha jana au juzi. Kikundi kinachoganda sehemu moja kavu siku tatu kitarudi nyumbani na picha za swala tu. Kikundi kilichofuata wingu kitakuta tai wametua chini kwenye nyasi wanaokota kumbikumbi mmoja mmoja, na kozi juu yao wanazunguka mamia, na hapo hata yule aliyekuja kwa ajili ya tembo peke yake anaomba darubini.

Tarehe sasa. Tai wa stepi, yule Aquila nipalensis, anaanza kuonekana kama katikati ya Oktoba na wanazidi Novemba, na kozi wadogo wa Falco naumanni wako kipindi hicho hicho. Kozi wa Amur ndio wanachelewa, wengi wanapita mwisho wa Novemba hadi kati ya Desemba halafu wanaendelea kusini mpaka Botswana na Afrika Kusini. Kwa hiyo ukitaka kugusa wote chagua wiki ya mwisho ya Novemba au ya kwanza ya Desemba. Epuka Jamhuri Dei, tarehe 12 Desemba, juu barabara ya Mombasa siku hizo inajaa, tiketi za treni zinaisha na vyumba vinapanda bei. Halafu angalia kalenda ya mwezi uchague siku ambazo mwezi haupo, sababu nitaieleza nikifika Ngulia, loji ya Tsavo Magharibi.

Idadi ya watu: mimi nasema sita kwa gari moja na magari mawili mwisho. Zaidi ya hapo mnakuwa msafara, na msafara haugeuki haraka mkiambiwa mvua imenyesha upande wa pili. Kila mtu awe na dirisha, na gari liwe fobaifo lenye paa la kufunguka, kwa sababu kuna sehemu udongo wa Tsavo ukilowa unashika tairi hata dereva awe mzoefu vipi. Dereva mwenyewe ni muhimu kuliko gari. Tafuta anayekubali kuzima injini na kukaa kimya saa mbili huku hakuna simba, na mwambieni mapema kwamba hamtaki kukimbizwa kila redio ikilia chui ameonekana mahali.

Pesa isimamiwe na mtu mmoja, sio wewe kiongozi, wewe una kazi nyingine. Fungueni grupu ya Wasapu, mweka hazina apokee michango kwa M-Pesa, na kabla mtu hajatuma hata shilingi muandike hapo kwenye grupu ni nini kitatokea mtu akijitoa wiki ya mwisho, anarudishiwa ngapi, nani anabeba gharama ya kiti kilichobaki wazi. Andikeni tu, maneno ya mdomo ndio yanaleta ugomvi. Kiingilio cha mbuga kinalipwa kabla kupitia eCitizen, ile tovuti ya serikali ya malipo, kwa hiyo lipeni mkiwa bado mjini kwenye mtandao wa uhakika, na kila mtu abebe kitambulisho orijino, juu bei ya raia, ya mkaazi na ya mgeni ni tofauti na pale geti hawabahatishi. Bei zenyewe ziangalieni siku ya kulipa, zinabadilika.

Kufika ni rahisi. Treni ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi na Mombasa, inayosimama vituo vya kati inawashusha Mtito Andei au Voi, mkitokea Nairobi au Mombasa, na gari linawasubiri hapo. Inaokoa uchovu, na watu wanafika wana nguvu ya kuangalia juu. Wabajeti ndogo wanaweza kulala gesti za Mtito Andei au Voi mjini na kuingia mbugani asubuhi geti likifunguliwa saa kumi na mbili, ila mtakosa usiku wa Ngulia, na mimi kama ni kubana ningebana chakula kabla sijabana huo usiku mmoja.

Mgawanyo ninaoupenda ni siku mbili Tsavo Magharibi halafu siku mbili Mashariki, lakini siku moja kati ya hizo iachwe bila mpango kabisa. Hiyo siku ndio ya kufuata mvua. Kila jioni ulizeni askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), madereva wengine, watu wa jikoni lojini, mvua imepiga wapi leo, na asubuhi yake mnaenda huko. Ukiwa Magharibi panda pale Poachers Lookout au Roaring Rocks, ni sehemu zinazoruhusiwa kushuka garini na unaona mbali sana, unaweza kuhesabu mawingu na kuona mvua inavyoanguka kilomita nyingi mbele. Mashariki, barabara ya Voi kwenda Aruba ni tambarare na wazi, ukikuta nyasi zimeanza kuchipua baada ya mvua mbili tatu basi endesheni polepole sana na uangalie chini kama unavyoangalia juu, tai wa stepi anapenda kukaa ardhini na ukienda mbio unampita ukidhani ni kichuguu.

Ratiba ya siku haifanani na ya safari ya wanyama. Asubuhi mapema tai wako kwenye miti wamekaa, mabawa mazito, hawaendi popote, huo ndio wakati wa kuwasoma vizuri mdomo, shingo na miguu. Kuanzia kama saa tatu jua linachoma ardhi, hewa moto inapanda, na tai wanaipanda hiyo hewa wakizunguka bila kupiga bawa. Hii hewa ndio sababu tai na shakevale (mbuai wa jamii ya Buteo, wadogo kuliko tai) hawapendi kuvuka bahari pana, maji hayatoi hewa ya kuwainua, kwa hiyo wakitoka Asia wanapitia Yemen wanavuka mlango wa bahari wa Bab el Mandeb palipo pembamba ndio wanashuka kwetu. Mchana watu wengi wanarudi lojini kulala, na mimi nasema msirudi kama kuna wingu jeusi linakuja. Mbele ya mvua, pale upepo unapobadilika ghafla na kuanza kunusa udongo, kozi wanakuja na huo ukingo wa mvua, Falco subbuteo na wengine, wanapita kasi chini ya wingu wakidaka wadudu hewani, na dakika ishirini baadaye hakuna kitu. Mvua ikiisha jioni na kumbikumbi wakaanza kutoka, zimeni injini, mmefika.

Sasa faida ya kuwa kikundi ni macho, lakini macho yote yakiangalia upande mmoja ni sawa na jozi moja tu. Gawaneni anga. Kila mtu apewe upande wake, mmoja aangalie juu kabisa utosini, kwa sababu kozi wa Amur wakiwa juu sana hawaonekani kwa macho matupu mpaka mtu apitishe darubini taratibu kwenye wingu jeupe. Badilishaneni kila nusu saa. Na msielekezane kwa saa, ati "yuko saa tatu!", kuna anayehesabu saa ya Kiswahili na mwingine ya Kizungu na ndege anaondoka mkiwa bado mnabishana. Tumieni vitu: mbuyu, kilima, ukingo wa wingu, halafu "vidole viwili kushoto". Darubini ya 8x42 inatosha kila mtu, na skopu (darubini kubwa ya kusimamisha) moja kwa gari ikiwezekana. Kwenye kuhesabu kundi kubwa hesabuni kumi kumi, watu wawili wahesabu kimya kila mtu kivyake, ndio mlinganishe namba, maana akitangulia mmoja kusema "mia tatu" kila mtu ataona mia tatu.

Kutofautisha ndege ndio sehemu inayowatesa wageni, basi niseme yale yanayosaidia kweli. Tai wa stepi na tai mwenyeji Aquila rapax wanafanana mno, wote hudhurungi, wote wakubwa. Angalia pembe ya mdomo, ile ngozi ya njano: kwa tai wa stepi inaenda nyuma mpaka usawa wa mwisho wa jicho, kwa mwenyeji inaishia katikati ya jicho. Akiwa anaruka na ni mchanga, wa stepi ana mstari mweupe mpana chini ya bawa, katikati, unaonekana hata akiwa mbali. Pungu hana shida, mkia hana karibu, anaruka akiyumba kushoto kulia. Shakevale mwenyeji Buteo augur kwa kawaida ni mweupe chini na mkia mwekundu wa kutu, wakati shakevale mhamaji ni kahawia na wengi wao wanapita tu, hawakai. Ukiona ndege mwembamba mwenye mabawa marefu anapita chini chini juu ya nyasi, mabawa ameyainua kidogo kama herufi V, hao ni wa jamii ya Circus, na dume aliyepauka sana, kijivu hafifu juu na mweupe chini, ni Circus macrourus.

Kozi wa Amur dume ni kijivu cheusi lakini chini ya bawa sehemu ya mbele ni nyeupe safi, miguu na ngozi ya mdomo rangi ya chungwa iliyoiva. Jike ni mweupe kifuani na michirizi myeusi, miguu ya chungwa vile vile. Ni ndege wa kama gramu 150, na naomba kila kiongozi awaambie watu wake habari yake kabla ya kumuona, juu inabadilisha venye mtu anaangalia. Anazaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, anapumzika Nagaland huko India kaskazini mashariki, halafu anavuka Bahari ya Hindi moja kwa moja, zaidi ya kilomita 3,000 za maji, bila kutua. Inaaminika anakula kerengende njiani, ambao nao wanahama na upepo ule ule. Mwaka 2012 dunia iliona picha za maelfu yao wakinaswa kwa nyavu pale Nagaland, na kufikia mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe wa eneo la Pangti walikuwa wameacha na kugeuka walinzi. Mwaka huo wa 2013 baadhi walifungwa vifaa vya setilaiti na dunia ikafuatilia wanavyovuka. Kwa hiyo yule unayemuona Voi amekaa kwenye waya, yuko hapo kwa sababu wanakijiji fulani wa mbali walikata shauri kumuacha apite.

Ngulia. Lojini pale juu ya ukingo wa milima, tangu 1969 wataalamu na watu wa kujitolea wanakuja kila Novemba na Desemba kufunga pete ndege wadogo wahamaji wanaoshuka usiku kwenye ukungu wakivutwa na taa. Usiku usio na mwezi wenye ukungu ndio wanashuka wengi, na hapo ndio kalenda ya mwezi inaingia. Pete zilizofungwa ni laki kadhaa mpaka sasa. Kwa kikundi chenu cha tai hii ni zawadi ya ziada, na alfajiri mbuai nao wanakuja kwenye hiyo karamu. Ila ombeni ruhusa kabla, simameni mnapoambiwa, hakuna flashi, hakuna kugusa wavu, na watoto washikwe mkono.

Vitu vya kubeba ni vya kawaida, maji mengi, kofia, dawa ya mbu na ushauri wa daktari kuhusu malaria, taulo dogo la kufunika darubini na vumbi. Lakini moja watu hawaambiwi: msivae buluu iliyokolea wala nyeusi, ndorobo (mbung'o) wa Tsavo Magharibi wanafuata hizo rangi na wanauma kupitia nguo. Kaki au kijani kilichofifia. Na hakuna kushuka garini nje ya sehemu zilizoruhusiwa hata tai akiwa amekaa mita ishirini, macho yenu yako juu na tembo hana kelele.

Tai wetu wanakufa kwa sumu na nyaya za umeme, na tai wa stepi yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka duniani. Mkikuta tumbusi au tai kadhaa wamekufa pamoja karibu na mzoga msiguse kitu, inaweza kuwa Furadan, dawa ya kuua wadudu inayotumiwa kama sumu, na inaua binadamu pia, pigeni picha kutoka mbali, chukueni eneo kwa GPS na mpeleke kwa askari wa KWS haraka. Ndege aliyekufa peke yake na ana pete mguuni, pigeni picha namba isomeke na hiyo pia muwape.

Wenzetu wa Tanzania mnaweza kufanya haya haya hifadhi ya Mkomazi, inapakana na Tsavo Magharibi na mnaingilia Same, geti la Zange, na tai hawajui mpaka uko wapi.

Kwa ambao hamjawahi kabisa kushika darubini, msianzie Tsavo. Nendeni kwanza matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, yanaanzia makumbusho ya taifa Nairobi, mtajifunza kushika darubini na kutulia, na huko huko mtapata wenza wa kuja nao. Mkirudi safari, mtu mmoja aliyechaguliwa tangu mwanzo aingize rekodi zote kwenye eBird au Kenya Bird Map, mitandao ya kurekodi ndege, ndani ya wiki hiyo, na tarehe, mahali, idadi, na kama mvua ilikuwa imenyesha, halafu mweka hazina aweke hesabu kwenye grupu na chenji irudi kwa wenyewe.