Namna ya kuandika kejeli ya siasa bila kuwa wa kwanza kucheka

Matusi ni rahisi, ndiyo maana yamejaa. Mtu akiamka na hasira na simu yenye chaji, hakosi kitu. Kejeli inataka zaidi ya hapo. Inataka faili.

Kabla ya kuandika sentensi moja, uwe na mambo matatu mkononi: kauli ya mhusika kama alivyoitoa, takwimu moja unayoweza kuikokotoa mwenyewe, na tarehe mbili, yaani siku ahadi ilipotolewa na siku ya leo. Kauli ichukue na sentensi iliyoitangulia na iliyoifuata, maana kauli iliyokatwa mkia humpa mwenyewe mlango wa kutokea: "Nilinukuliwa nje ya muktadha." Kama imo mtandaoni, hifadhi ukurasa mzima kwenye Wayback Machine, ghala la mtandaoni linalotunza nakala za kurasa, siku hiyohiyo. Picha ya skrini peke yake haitoshi, kwani huitwa ya kughushi, na taarifa rasmi zina tabia ya kubadilika usiku wa manane. Tarehe usizidharau. "Ripoti iliyoahidiwa ndani ya siku 30 imetimiza miezi 19" haihitaji neno "aibu" nyuma yake.

Anza na sarufi

Kiswahili kimewapa wanasiasa zawadi moja kubwa, nayo ni minyambuliko ya vitenzi. Chukua sentensi ambayo kila msomaji anaweza kuimalizia usingizini: "Hatua kali zitachukuliwa dhidi ya wote watakaobainika kuhusika." Sasa ipasue. "Zitachukuliwa" ni kauli ya kutendwa, na mtenda hayupo. Ile "-ta-" ni wakati ujao usio na siku. "Watakaobainika" ndipo fundi alipotulia: hakusema waliohusika, kasema watakaobainika, na wa kuwabainisha hatajwi. Asipobainika mtu, ahadi imetimia yote. Halafu "kuhusika", ambako si kuiba. Maneno manane, milango minne.

Kauli ya kutendeka ni hatari kuliko hiyo. "Fedha zililiwa" walau inaacha mdomo mahali fulani. "Makosa yalitendeka" haina hata mdomo. Makosa yalikuja yenyewe, kama mafua.

Dawa yake ni kumrudisha mtenda kila mahali alipoondolewa, na unapokosa jina uache nafasi wazi: "______ atachukua hatua ya ______ ifikapo tarehe ______ dhidi ya ______." Ichapishe fomu hiyo hivyohivyo, omba ofisi husika iijaze. Hiyo tayari ni nusu ya makala.

Orodha za maneno ya jukwaani (mchakato, wadau, mikakati kabambe) zimeandikwa mpaka zimechosha. Usiongeze ya kwako. Kinachofanya kazi ni kuchagua neno moja na kulitumia kwa heshima zote hadi lianguke lenyewe. Ukichagua "changamoto", aya ya kwanza barabara iwe na changamoto ya mashimo, ambayo ni matumizi ya kawaida. Aya ya nne daraja liwe na changamoto ya kutokuwepo. Mara tatu zinatosha. Ya nne msomaji anaanza kukuona wewe badala ya daraja.

Hesabu ifanye mwenyewe

Gazeti likiandika kwamba mgombea mmoja "aongoza" kwa asilimia 48 dhidi ya 46, tafuta idadi ya waliohojiwa. Tuseme ni 1,000. Gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo: kipeuo ni karibu 31.6, jibu ni 0.032, yaani makosa ya takriban asilimia 3 juu au chini. Kwa hiyo wa kwanza anaweza kuwa na 45 na wa pili 49, na "aongoza" inabaki kuwa matumaini ya mhariri. Hapo ni kama waliohojiwa walichaguliwa kwa nasibu. Kura ya kubofya mtandaoni haina kiwango cha makosa, ina makosa.

Mtego mwingine ni asilimia na pointi. Kitu kikipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, mwenye nia ya kukipunguza atasema kimepanda kwa pointi 2, na mwenye nia ya kukikuza atasema kimepanda kwa asilimia 50. Wote wawili wanasema kweli. Ziweke kauli zao bega kwa bega, usieleze kitu.

Uongo uwe mmoja

Makala ya kejeli ina ruhusa ya dhana moja tu ya uongo. Mengine yote yawe ya kweli, au yatokane na dhana hiyo kwa mantiki safi. Jonathan Swift, mwandishi wa kejeli wa Ireland, mwaka 1729 alipopendekeza watoto wa maskini wa Ireland waliwe, hakupaza sauti. Alipiga hesabu: watoto 120,000, toa 20,000 wa kuendeleza uzazi, wanabaki 100,000 wa kuuzwa wakitimiza mwaka mmoja. Kinachotisha pale ni ule utulivu wa kutoa na kubakiza.

Wewe fanya hivi: ichukue hoja ya mhusika, ikubali bila kinyongo, kisha isogeze hatua tatu. Mathalani, kiongozi amesema wananchi wanalalamika kwa sababu hawajaelewa mafanikio. Hatua ya kwanza: basi kinachopungua ni uelewa wala si barabara, kwa hiyo ziandaliwe semina kuhusu barabara. Ya pili: semina zina posho, hivyo fedha za barabara zihamishiwe huko. Ya tatu: barabara izinduliwe kwenye slaidi, utepe ukatwe mbele ya projekta. Hatua ya nne itakujia, tena itakuchekesha sana. Ikate. Hiyo huwa ni ya mwandishi kujifurahisha.

Sauti iwe ya karani anayesoma kumbukumbu za kikao. Alama ya mshangao isiwepo hata moja. "Eti" ni kama chumvi mkononi mwa mtoto: ikizidi mara moja katika makala nzima, kila mtu ameshajua unacheka na mchezo umekwisha. "Mheshimiwa" andika wazi, bila alama za kunukuu. Cheo kikiachwa kamili huwa kizito chenyewe. Urefu wa maneno 700 hadi 900 unatosha, kwa kuwa dhana moja haiwezi kubeba zaidi ya hapo bila kuanza kuchechemea.

Linganisha rasimu mbili za tukio moja. Ya kwanza: "Inachekesha sana kwamba eti mheshimiwa alizindua kisima kisicho na maji!" Ya pili: "Mheshimiwa alikata utepe, akahutubia, akafungua bomba, akaendelea kuhutubia." Katika ya pili maji hayakutajwa. Msomaji ndiye anayegundua kwamba hayakutoka, na aliyegundua mwenyewe hasahau.

Vyombo vya habari navyo

Hapa kazi ni nyepesi, ushahidi huchapishwa kila asubuhi. Chukua habari moja ya siasa, uhesabu vitenzi. Upande mmoja weka alisema, alisisitiza, alibainisha, aliongeza, aliwataka. Upande wa pili weka vitenzi vya mtu aliyefanya jambo. Ukipata tisa kwa moja, na hicho kimoja ni "aliwasili", umeshapata makala. Vichwa vinavyoishia na alama ya kuuliza vipitishe kwenye kanuni ya mwandishi wa habari za teknolojia wa Uingereza, Ian Betteridge, ya mwaka 2009: jibu lake ni "hapana". Vikusanye vya wiki nzima, vijibu kimoja kimoja kwa "hapana", na ujaze safu bila kutoka jasho. "Mitandao yawaka moto" ihesabie kuni. Mara nyingi utakuta akaunti tatu, na moja ni ya mwandishi wa habari mwenzake.

Wasomaji wasiosoma

Sehemu hii waandishi wengi huikwepa kwa kuwa inawagusa wateja. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na taasisi ya Inria ya Ufaransa walikuta kwamba asilimia 59 ya viungo vilivyosambazwa Twitter havikuwahi kubofywa. Mwaka 2020 Twitter yenyewe ikaanza kuwauliza watu kama wangependa kuisoma makala kwanza kabla ya kuisambaza. Ni swali la aina ya "ungependa kuonja kabla ya kusifu mpishi?" Vitabu navyo havina usalama. Mwaka 1985 Michael Kinsley, mwandishi wa habari wa Marekani, alifanya jaribio la vikaratasi vilivyofichwa ndani ya vitabu vilivyokuwa gumzo katika maduka ya Washington, vikiahidi dola 5 kwa atakayepiga simu. Simu haikulia. Mwaka 2014 mtaalamu wa hisabati Jordan Ellenberg alichukua kurasa za vifungu vitano vinavyopigiwa mstari zaidi na wasomaji wa Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali, akatafuta wastani, akaugawa kwa idadi ya kurasa za kitabu, ili kukisia wasomaji hufika wapi. Kitabu kinene cha uchumi kilichokuwa kwenye kila mdomo mwaka huo kilipata asilimia 2.4. Mwenyewe alisema huo ni utani wala si sayansi, lakini fomula ni nzuri na unaweza kuiazima.

Kwa kazi yako maana yake ni hii: wengi wataona kichwa tu. Novemba 2012 tovuti ya gazeti la chama tawala cha China ilichukua utani wa The Onion, chombo cha habari za kejeli cha Marekani, kwamba Kim Jong-un, kiongozi wa Korea Kaskazini, ndiye mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani, ikauchapisha kama habari, pamoja na picha 55. Kama mhariri mwenye ofisi aliangukia pua, jirani yako kwenye kundi la WhatsApp ana nafasi gani? Basi kabla ya kuchapisha, kata kichwa chako kama picha, kiondolee jina la safu, ukiangalie kama ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Kikiaminika, kibadilishe: ingiza ndani yake neno moja lisilowezekana. Neno "Kejeli" juu ya makala huudhi waandishi na huokoa majina yao.

Mahali panapoharibika

Kosa baya ni kulenga chini. Kumcheka mpiga kura aliyepokea kofia, ukamwacha aliyeleta lori la kofia, si kejeli; ni kujikomba kwa mwenye lori. Umbo, lafudhi, kabila na ndoa ya mtu viache. Ukivitegemea ina maana faili lako lilikuwa tupu.

La pili ni nukuu ya kubuni mdomoni mwa mtu halisi. Dhana yako ya uongo iwe mpango, waraka, kamati au semina. Maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu yawe aliyoyasema kweli. Tuhuma ya wizi hata ukiivika utani hubaki tuhuma, na wakili atakayeisoma hana kazi ya kucheka. Maoni yajengwe juu ya mambo yaliyomo kwenye faili, na msomaji ayaone.

Rasimu ilale usiku mmoja. Asubuhi mpe mtu asiyefuatilia siasa, akiwa na kalamu mbili: moja apigie mstari anachoamini ni kweli, nyingine anachoamini umebuni. Akipigia mstari wa kweli ile dhana yako ya uongo, umeandika kavu mno. Ongeza kipimo cha upuuzi aya ya pili, usingoje mwisho. Akipigia mstari wa kubuni kitu ambacho waziri alikisema kweli, usikiguse. Weka tarehe na mahali aliposemea, kisha endelea.

Ukikosea takwimu, sahihisho liandike kwa lugha ya kawaida, lisiwe na kijembe, nalo likae juu ya makala.