Kutoka uwanjani hadi udiwani, Kigoma Ujiji

Nilicheza winga Uwanja wa Lake Tanganyika mpaka goti likagoma. Wewe uliyetundika daluga na sasa unautaka udiwani, usikimbilie fomu. Anza na mtaro. Mimi nilianza na ule ulioziba nyuma ya kwetu Mwanga: makoleo mawili, vijana wanne, matope hadi magotini, na mama mmoja akatuletea uji.

Hudhuria mikutano ya mtaa, omba mapato na matumizi yasomwe. Andika majibu kwenye daftari, na tarehe. Hilo daftari ni muhimu kuliko medali zako zote.

Mgombea binafsi haruhusiwi, hivyo jiunge na chama mapema. Umri uwe miaka 21 au zaidi. Wakikuita jina la uwanjani, itika, kisha waulize habari za maji.