Hati ya uwakala hukoma akili ikipotea

Wengi hapa Mombasa humwandikia mtoto hati ya uwakala, yaani karatasi ya kumruhusu kutenda kwa niaba yao, wakidhani itawafaa siku wakipatwa na kiharusi au usahaulifu wa uzeeni. Hapo ndipo penye kosa. Hati ya kawaida nchini Kenya hukoma pale aliyeiandika anaposhindwa kuamua kwa akili yake, yaani wakati ule ule inapohitajika. Baada ya hapo familia huenda Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, kuomba msimamizi wa mali, na hilo huchukua muda na ada.

Kwa hiyo tengeneza mapema akaunti ya pamoja ambayo sahihi ya mmoja yeyote yatosha. Hati nayo ina kazi yake, mathalan kwa mzee mwenye akili timamu asiyeweza safari. Taja mamlaka moja moja: kukusanya kodi ya nyumba, kuuza, kuweka rehani, pamoja na namba ya kiwanja. Ikihusu ardhi, isajiliwe katika ofisi ya ardhi. Nyumba bila ardhi, yaani iliyojengwa kwenye kiwanja cha mwingine, haina hati miliki, basi eleza nyumba ilipo na mwenye kiwanja ni nani.

Aliyeiandika akifa, hati imekufa naye. Yanayofuata ni mirathi.