Somo: Kurekebisha imeji ya Ubuntu 24.04 kabla ya kuipeleka kwenye wingu, bila kuiwasha hata mara moja

Somo hili ni la mtu anayechukua imeji rasmi ya Ubuntu (faili la diski lenye mfumo tayari), anataka kuiongezea vifurushi vyake, saa za Afrika Mashariki na mipangilio ya ofisi, kisha azalishe mashine pepe kumi au hamsini kutoka faili hilohilo. Kila mashine ikipakua vifurushi vilevile siku inapozaliwa, unalipia data ileile mara hamsini, na intaneti ikiyumba baadhi ya mashine zinaamka zikiwa pungufu. Ukiviweka ndani ya imeji, unapakua mara moja tu.

Sharti kubwa ni hili: imeji mama haiwashwi. Linux inapowaka mara ya kwanza hujitengenezea utambulisho: machine-id (namba ya pekee ya mashine), funguo za SSH za seva, na kumbukumbu ya cloud-init (programu inayoipangilia mashine inapowaka kwenye wingu) kwamba kazi ya kuanzia imeshafanyika. Ukiiwasha, ukasakinisha vitu kwa mkono, ukazima na kunakili, umenakili pia utambulisho huo. Ndiyo maana tunaifungua ikiwa imezimwa, kwa `virt-customize`, zana ya kuhariri yaliyomo ndani ya faili la diski.

Hatua ya 1: zana na faili

Kwenye kompyuta yenye Ubuntu au Debian:

```
sudo apt install qemu-utils qemu-system-x86 libguestfs-tools cloud-image-utils
wget https://cloud-images.ubuntu.com/noble/current/noble-server-cloudimg-amd64.img
wget https://cloud-images.ubuntu.com/noble/current/SHA256SUMS
sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing
cp noble-server-cloudimg-amd64.img web.qcow2
```

Usiruke uhakiki wa sha256sum. Faili lililokatikia njiani wakati wa kupakua linaweza kufunguka vizuri kabisa, halafu likaleta makosa ya diski wiki ya pili. Faili la asili liache lilivyo, fanyia kazi nakala.

Hatua ya 2: ukubwa

`qemu-img info web.qcow2` itakuonyesha kwamba, pamoja na jina kuishia na .img, hili ni faili la qcow2 (muundo wa diski wa QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe), na diski ambayo mashine itaiona ni GiB 3.5. Kwa vifurushi viwili vitatu inatosha. Ukiweka vitu vizito, apt itasimama katikati na "No space left on device". Ongeza kwanza:

```
qemu-img resize web.qcow2 6G
```

Hapo umekuza diski, patisheni bado ni ileile. Tutaivuta kwenye hatua inayofuata. Usiongeze kwa pupa. Mashine inayotokana na imeji haiwezi kupewa diski ndogo kuliko imeji yenyewe: ukifika GB 40, OpenStack (mfumo wa kuendesha wingu) itakataa kuizindua kwenye mpango wa GB 20, na kupunguza ni kazi ngumu kuliko kuongeza. Kwenye wingu cloud-init huikuza patisheni yenyewe hadi mwisho wa diski mashine inapowaka, kwa hiyo hapa weka nafasi ya usakinishaji tu.

Hatua ya 3: marekebisho yenyewe

Faili mbili unaziandika mwenyewe kwanza: 99-ofisi.cfg (mipangilio ya ofisi, kwa ajili ya cloud-init) na 10-mwanzo.sh (skripti ya kuanzia).

```
virt-customize -a web.qcow2 \
  --run-command 'growpart /dev/sda 1 && resize2fs /dev/sda1' \
  --install qemu-guest-agent,nginx \
  --timezone Africa/Nairobi \
  --upload 99-ofisi.cfg:/etc/cloud/cloud.cfg.d/99-ofisi.cfg \
  --mkdir /var/lib/cloud/scripts/per-instance \
  --upload 10-mwanzo.sh:/var/lib/cloud/scripts/per-instance/10-mwanzo.sh \
  --run-command 'apt-get clean' \
  --run-command 'rm -f /etc/ssh/ssh_host_*' \
  --truncate /etc/machine-id
```

Amri hutekelezwa kwa mpangilio ulioziandika, kwa hiyo growpart, inayovuta patisheni hadi mwisho wa diski, lazima itangulie `--install`. Mstari wa growpart ni wa mara moja: ukiurudia kwenye faili lilelile bila kuongeza diski, growpart itajibu NOCHANGE, itahesabika kuwa kosa, na kila kilicho chini yake hakitafanyika. Ukitaka kuanza upya, futa web.qcow2 na unakili tena kutoka faili la asili.

`--upload` inabeba ruhusa za faili kama zilivyo kwako. Hivyo `chmod +x 10-mwanzo.sh` ifanyike kabla. Skripti isiyo na ruhusa ya kutekelezwa cloud-init itaipita.

Kwa nini skripti ya kuanzia iwe kwenye per-instance, na si `runcmd` (orodha ya amri za kuanzia) ndani ya 99-ofisi.cfg? Kwa sababu mtumiaji akileta user-data (mipangilio anayoipa mashine anapoizindua) yenye `runcmd` yake, orodha yake inachukua nafasi ya ile ya imeji. Kilichomo per-instance kinatekelezwa mara moja kwa kila mashine mpya, hata mtumiaji alete nini.

Sasa mstari wa mwisho, ambao wengi wanauacha. Angalia matokeo ya virt-customize kwenye terminali. Matoleo ya karibuni huandika mapema kabisa:

```
[   4.2] Setting a random seed
[   4.2] Setting the machine ID in /etc/machine-id
```

Maana yake zana yenyewe, ikikuta machine-id tupu, inaijaza. Usipofuta namba hiyo mwishoni, mashine zako zote zitazaliwa na namba moja. Na ukirudi kesho kuongeza kifurushi kimoja tu, itajazwa tena, kwa hiyo `--truncate /etc/machine-id` iwe mstari wa mwisho wa kila virt-customize unayoendesha. Hakiki:

```
virt-cat -a web.qcow2 /etc/machine-id
```

Isitoke herufi hata moja. Faili libaki, lakini tupu, usilifute.

Jihadhari pia na vifurushi vinavyozalisha siri wakati wa kusakinishwa. Mfano mzuri ni postgresql: huvuta ssl-cert, ambacho papo hapo hutengeneza `/etc/ssl/private/ssl-cert-snakeoil.key`. Ufunguo huo sasa uko ndani ya imeji, na kila seva itautumia. Dawa ni kuweka `make-ssl-cert generate-default-snakeoil --force-overwrite` ndani ya 10-mwanzo.sh. Nywila ya root usiiweke kabisa kwenye imeji mama.

Hatua ya 4: kujaribu bila kuigusa imeji mama

Tengeneza faili la juu linalosoma kutoka imeji mama lakini likaandika kwake lenyewe:

```
qemu-img create -f qcow2 -b web.qcow2 -F qcow2 jaribio.qcow2 10G
```

`-F qcow2` ni lazima kwenye QEMU za sasa. Kisha faili la user-data:

```
#cloud-config
hostname: jaribio
ssh_authorized_keys:
  - ssh-ed25519 AAAA... ufunguo wako
```

Mstari wa kwanza uwe `#cloud-config` hasa, bila nafasi baada ya alama ya reli. Ukikosea hapo, cloud-init haitauchukulia kama mipangilio, na utabaki nje ya mashine yako.

```
cloud-localds mbegu.iso user-data
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2048 -nographic \
  -drive file=jaribio.qcow2,if=virtio \
  -drive file=mbegu.iso,format=raw,if=virtio \
  -nic user,hostfwd=tcp::2222-:22
```

Kwenye dirisha jingine, `ssh -p 2222 ubuntu@localhost`. Ukiwa ndani, angalia `cloud-init status --long`, `systemctl --failed`, na `df -h /` (isome karibu na ukubwa mpya). Kutoka QEMU bonyeza Ctrl-A kisha x. Ukimaliza futa jaribio.qcow2, web.qcow2 imebaki safi.

Hatua ya 5: kubana na kupandisha

```
virt-sparsify --in-place web.qcow2
qemu-img convert -c -O qcow2 web.qcow2 web-tayari.qcow2
openstack image create --disk-format qcow2 --container-format bare \
  --property hw_qemu_guest_agent=yes --file web-tayari.qcow2 web-noble
```

Hatua hii inaokoa muda mwingi kwa mwenye kasi ndogo ya kupandisha, kwa sababu mabaki ya apt yaliyofutwa bado yanachukua nafasi ndani ya qcow2 hadi virt-sparsify ipite. Kama OpenStack yako inahifadhi kwenye Ceph (mfumo wa hifadhi), geuza kuwa raw, yaani diski ghafi isiyobanwa (`-O raw`, bila `-c`), maana Ceph hunakili mashine kwa haraka pale tu imeji ikiwa raw. Kwa Proxmox, `qm importdisk 9000 web-tayari.qcow2 local-lvm` inatosha (9000 ni namba ya mashine).

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimefuata hatua ya 3 lakini inaniambia supermin imeshindwa, "Permission denied" kwenye /boot/vmlinuz. Nakosea wapi?

Jibu: Hujakosea, ndugu. libguestfs, iliyo chini ya virt-customize, hutumia supermin kuazima kerneli ya kompyuta yako na kujenga mashine ndogo ya kufanyia kazi, na Ubuntu huifunga kerneli isomwe na root peke yake. `sudo chmod 0644 /boot/vmlinuz-*`, kisha rudia. Kerneli ikisasishwa, ruhusa inarudi ilivyokuwa na utalazimika kurudia.

Swali: Mimi inafika kwenye --install halafu apt inasema "Temporary failure resolving". Intaneti ninayo.

Jibu: Unayo wewe, ile mashine ndogo haina. Imejengwa kwa vifurushi vilivyomo kwenye kompyuta yako, na kama huna programu ya kuomba anwani kwa DHCP, nayo haitakuwa nayo. Sakinisha isc-dhcp-client kisha jaribu tena. Kama bado, endesha `libguestfs-test-tool` usome mistari ya mwisho.

Swali: Habari za kazi wakuu. Nina mashine tatu kutoka imeji moja, MAC ni tofauti, lakini zote zinapewa IP moja na zinaangushana. Ruta ni mbovu?

Jibu: Salama, dada. Ruta ni nzima. systemd-networkd inajitambulisha kwa DHCP kwa namba inayotokana na machine-id, si kwa MAC, na zako zinafanana. Mashine zilizokwisha kuwaka: `sudo truncate -s 0 /etc/machine-id` kisha reboot, moja moja. Halafu rekebisha imeji, maana ya nne itakuja na shida ileile.

Swali: Kaka, kwa nini hukutumia virt-resize? Nimeitumia, sasa mashine inaishia kwenye GRUB.

Jibu: Kwenye imeji za Ubuntu patisheni ya mfumo ni namba 1 lakini kwenye diski imekaa nyuma ya namba 14, 15 na 16. virt-resize hunakili patisheni kwenda faili jipya na kuzipa namba upya kwa mpangilio wa diski, hivyo namba 1 haiwi tena ya mfumo na GRUB (kipakiaji cha mfumo) inatafuta mahali pasipo. `qemu-img resize` pamoja na growpart hazibadilishi namba. Anza na nakala mpya, usipoteze muda kuitengeneza hiyo.

Swali: Na kwa AWS na Azure?

Jibu: AWS haipokei qcow2, igeuze kuwa raw au VMDK, ipandishe S3, uiingize kama snapshot kisha usajili AMI (imeji ya AWS). Kusema kweli kwa AWS ni rahisi zaidi kuanzia AMI ya Ubuntu iliyopo. Azure inataka VHD ya ukubwa usiobadilika, na ukubwa huo ugawanyike kwa MiB 1 bila baki:

```
qemu-img convert -O vpc -o subformat=fixed,force_size web.qcow2 web.vhd
```

Ukiacha `force_size`, QEMU hurekebisha ukubwa kidogo kufuata hesabu za diski za zamani, na Azure inaikataa.

Swali: Naweza kuendesha virt-customize kwenye diski ya mashine inayofanya kazi? Nataka kuongeza kifurushi kimoja tu.

Jibu: Hapana, hata kwa sekunde moja. Mifumo miwili ikiandika kwenye ext4 moja, kila mmoja bila habari za mwenzake, data inaharibika. QEMU hukuzuia kwa "Failed to get "write" lock"; ukiona ujumbe huo usitafute njia ya kuupita, zima mashine kwanza. Vilevile usiiguse web.qcow2 wakati kuna jaribio.qcow2 linaloitegemea kama faili mama: hapo hakuna kitakachokuzuia mashine ya jaribio ikiwa imezimwa, na faili la juu litaharibika.